Mlembe Aliyenyamaza

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma sogeeni. Hapo zamani za kale, au tuseme za juzi, maana magari yalikuwepo, katika mbuga za kaskazini aliishi Duma na watoto wake wawili.

Jirani yake alikuwa Mlembe, ndege anayeongoza watu kwenye asali. Katika ukoo wake, kuona kitu na kunyamaza ni aibu. Wageni walipoanza kuja kutazama wanyama, Mlembe aliacha nyuki, akaongoza magari. Akiona simba, cheche-cheche! Magari yanakuja, vuuu. Lembris, dereva wa gari la mbele, humwachia kipande cha sega.

Siku moja akaona watoto wa Duma nyasini. Cheche-cheche! Magari yakazunguka. Duma alikuwa ananyatia swala. Swala akasikia injini, akakimbia. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu vilevile. Maziwa yakapungua. Watoto wakanyonya, wakalia, wakanyonya tena.

Duma akamwendea Mlembe, akamwomba aache kuita. Mlembe akacheka. Akasema wageni wametoka mbali.

"Jirani," akasema Duma, "simba huwinda usiku. Mimi nawinda mchana. Mchana wangu umeuchukua wewe."

Akaondoka polepole. Fisi akaja chini ya mti wa Mlembe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Mimi si mwalimu wako."

"Ni wewe. Zamani nilitafuta watoto wa Duma kwa pua, nikachoka. Siku hizi nasubiri uite tu. Kesho mama yao akienda kuwinda, ita mapema kidogo."

Mlembe hakucheka tena.

Asubuhi Duma akawaficha watoto nyasini, akaenda akiyumba kwa njaa. Magari yakaja. Fisi akakaa kando ya njia, masikio juu. Mlembe akawaona watoto. Koo likamwasha. Ulimi ukamcheza.

Akanyamaza.

Kisha akaruka mbali, mpaka kwenye majabali ya pimbi, wale wanyama wadogo wa miambani. Cheche-cheche! Magari yakamfuata. Fisi naye mbio, nyuma ya vumbi. Akafika, akawakuta pimbi wamekaa juu ya jabali. Akawatazama mpaka shingo ikamuuma.

Kule nyasini, kimya. Duma akanyata. Swala hakusikia kitu. Fyuu! Mama akala. Maziwa yakarudi.

Siku chache baadaye Lembris alimwona Duma kwa mbali, watoto wakimpanda mgongoni. Akakumbuka swala waliokimbia magari yao, akazima injini palepale. Mgeni mmoja akaomba wasogee.

"Hapana, dada," akasema Lembris. "Tukisogea hatakula. Asipokula, mwakani hutamkuta. Chukua darubini."

Wakatazama, wakanong'ona, wakaondoka.

Duma akainua macho mtini. "Shuka, jirani," akamwambia Mlembe. "Njoo uwaone kwa karibu. Wewe nakuruhusu."

Mlembe akashuka. Mtoto mmoja akamnusa mkia, akapiga chafya.

Basi, wasikilizaji wangu: mgeni mwema hutazama bila kumnyima mwenyeji riziki, na mwongozaji mwema hujua lini asiite.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye yake na aanze.