Kitabu cha Watu wa Ghalani

Mtu mmoja alikuwa na hofu ya kusahau. Jina lake Mhina, fundi wa kuchapa na kujalidi vitabu. Ujana wake wote aliumaliza juu ya ubao wa magurudumu manne, ndani ya ghala la mkonge lililofungwa, ambalo sakafu yake ya saruji ilikuwa laini kama meza. Hapo ndipo mchezo wa kuteleza kwa ubao ulipoanzia katika mji ule. Wenye mji waliuita mchezo wa wahuni. Lakini wahuni hao walifika mbali: mmoja alikwenda kushindana ng'ambo akarudi na kikombe, na mwingine, binti wa muuza chumvi, aliruka ngazi tisa ambazo hakuna mwanamume aliyethubutu kuzijaribu.

Miaka ikapita. Magoti yakachoka, wengine wakahama, wawili wakafa, na ghala likabomolewa. Mhina akaona kwamba vijana wanaoteleza barabarani siku hizi hawajui hata jina moja la waliowatangulia. Jambo hilo likamuuma sana. Akajiapiza kwamba habari zile zitaandikwa kitabuni, na kwamba hatamwacha mtu hata mmoja.

Aliifanya kazi hiyo kwa moyo safi. Aliwatafuta wenzake kumi na watatu waliobaki, akaketi na kila mmoja. Ili kuepuka majungu na kusingiziana, aliweka sharti moja: kila mtu aeleze ya kwake tu, ya mwenziwe amwachie mwenyewe. Wakaeleza. Nani asiyeona raha kuulizwa habari zake? Wakatoa na picha. Kwa miaka minne Mhina aliandika, akapanga, akachapa, akajalidi kwa mikono yake kwa kitambaa cha buluu. Siku gundi ya nakala ya kwanza ilipokauka, alilia kwa furaha, mtu mzima yule.

Nakala hiyo aliipeleka kwa Bi Chausiku. Huyu, zamani zile, alikuwa mama wa makamo, mlinzi wa ghala, na ufunguo ulikuwa wake. Ndiye mtu wa kwanza kupanda ubao katika mji ule, kanga kaikaza kiunoni, na ndiye aliyewafundisha wote. Alikuwa na namna yake ya kufundisha. Mwanafunzi alipanda ubao, naye akatembea nyuma yake, kiganja kamwekea mgongoni, pole pole, mpaka mwili ulipopata mizani. Hapo aliondoa mkono bila kusema. Mwanafunzi akigeuka, alimwona mama yuko mbali anapiga makofi, akaamini kwamba njia yote ameikata peke yake. Bi Chausiku hakumsahihisha hata mmoja.

Sasa alikuwa bibi kizee, na macho yalikuwa yameziba. Mhina alimsomea tangu asubuhi hadi alasiri. Bibi alicheka kwa kila jina, akamtaja kila mtu kwa lakabu yake ya ujanani, akauliza nani ana wajukuu. Kila sura ilianza na siku ya kwanza ya mtu ghalani, na kila sura, ya Mhina ikiwemo, ilisema maneno yale yale: nilisimama mwenyewe. Mhina aliyekuwa akisoma hakushtuka. Alipokifunga kitabu, bibi aliuliza, bila hasira:

"Mwanangu, kazi yako nzuri. Sasa mimi siku hizo nilikuwa wapi?"

Mhina alikifungua kitabu upya, akapekua kurasa zote, na jina la bibi hakuliona. Hakujua auweke wapi uso wake. Aliahidi kwamba atarekebisha, akaaga, akaenda kuwauliza wenzake mmoja mmoja. Baadhi yao walishika vichwa na kusema walidhani fulani angemtaja. Wengine walibisha kabisa, na hao ndio waliomuumiza zaidi, maana walisema kweli kama walivyoikumbuka: hawakuona mkono wowote. Mzunguko ule ulichukua wiki tatu. Aliporudi na daftari jipya ili amuulize bibi mwenyewe, alikuta turubai limefungwa uani, wanawake wamekaa mikekani wanalia, na wanaume wamekwisha kurudi kutoka makaburini.

Basi akachapa ukurasa mmoja, akaugandisha katika kila nakala aliyoweza kuipata. Ukurasa ule una jina la Bi Chausiku. Ubao wake wa kwanza aliupata wapi, nani alimshika yeye, alianguka mara ngapi humo ghalani mlango umefungwa na hakuna wa kumwinua, hayo hayamo, kwa sababu katika watu wote aliowafundisha hakuna aliyewahi kumuuliza. Sehemu iliyobaki ni nyeupe. Mhina akimwonyesha mtu kitabu, huuruka ukurasa ule haraka, kisha usiku mzima roho humsuta.

Nanyi mnaonisikiliza, ambao hamchoki kusimulia jinsi mlivyosimama wenyewe: ni nani aliyewashika mgongoni, aliye hai mpaka leo, ambaye bado hamjamuuliza?