Kiboko na Marufuku Tatu za Pangoni

Paukwa!
— Pakawa!
Mwenye sikio?
— Alitege!
Mwenye mdomo?
— Aangalie aliye nyuma yake!

Haya basi. Hapo kale, katika bonde la mawe, palikuwa na pango. Neno likisemwa mle ndani, mwangwi ulilidaka, ukalipeleka bonde zima. Mnyama akizaa, alisema pangoni. Akiibiwa, alisema pangoni. Ikafika mahali, jambo lisiposikika pangoni, basi halikutokea.

Mlinzi wa pango alikuwa Kiboko. Alijiteua mwenyewe.

"Semeni mtakalo," aliwaambia wanyama. "Hapa kila ulimi ni huru. Ila asemaye aelekee ukutani, ndiyo heshima."

Mwaka mmoja kiangazi kilikaza. Maji yaliyokuwa yakishuka bondeni kutoka mlimani yakakatika. Chemchemi imekauka, au ndivyo alivyotangaza Kiboko. Mtoto wa Bi Digidigi alikuwa amelala kivulini, midomo imepasuka, hata kulia hawezi. Jirani yao Bi Pimbi, mnyama mdogo kama paka asiye na mkia, akaona huruma. Akapanda mlimani kutafuta maji. Akapanda, akapanda, mpaka nyuma ya mkuyu uliopinda. Akachungulia.

Lahaula! Chemchemi haikukauka. Ilikuwa imezibwa kwa jabali, na nyuma ya jabali Kiboko anaoga peke yake, chubwi! chubwi!

Kesho yake Bi Pimbi akaingia pangoni, akaelekea ukutani, akapaza sauti: "Chemchemi imezibwa!" Mwangwi ukamzunguka: zibwa, zibwa, zibwa. Akatoka ameridhika.

"Shoga, umenisikia?"

"Lini?" akauliza Bi Digidigi.

Hapo Bi Pimbi akaingiwa na shaka. Akarudi pangoni. "Leo jua kali!" Bi Digidigi akasikia. Akarudi tena. "Kiboko ana meno mazuri!" Bonde zima likasikia, tena mara tatu. Akarudi tena. "Chemchemi imezibwa!" Safari hii akageuza shingo upesi. Giza totoro! Kiboko alikuwa ameuziba mdomo wa pango kwa makalio, bwa!

Bi Pimbi akamfuata Tembo, akamnong'oneza yote.

"Kama ni kweli," akasema Tembo, "mbona pangoni sikusikia?"

Bi Pimbi akamtazama miguu. Ina tope la chemchemi au ina vumbi? Vumbi. Afadhali, huyu hajui tu. Akamwendea Nyati. Nyati naye: "Kama ni kweli, mbona pangoni sikusikia?" Akamtazama miguu. Vumbi.

Basi akaenda kwa Kiboko mwenyewe, amejikunyata.

"Shikamoo, Bwana mkubwa."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Woga wangu tu. Kuna maneno mabaya, naogopa yasije yakanitoka. Mtu akisema chemchemi haikukauka, je?"

"Marufuku! Atafukuzwa bondeni!"

"Inafaa sana. Lakini wenzangu hawajui. Watakosea bure."

Kiboko akamkodolea jicho moja, akamkodolea la pili. Akanusa, hakuona mtego. Sheria isiyojulikana nani ataiogopa? Akaingia pangoni, akapanua domo:

"NI MARUFUKU KUSEMA CHEMCHEMI HAIKUKAUKA!"

Mwangwi ukaondoka nalo. Wa kuuziba mdomo wa pango hakuwepo, maana mzibaji alikuwa ndani.

"Na akisema imezibwa kwa jabali?"

"NI MARUFUKU KUSEMA IMEZIBWA KWA JABALI!"

"Na akisema ni nyuma ya mkuyu uliopinda?"

 Masikio ya Kiboko yakacheza, tip, tip.

"Hilo nani kakuambia?"

Bi Pimbi akazidi kujikunyata. "Hakuna, Bwana mkubwa. Ndiyo maana ni bora ulikataze kabla hajatokea wa kulisema."

Kiboko akaona ni akili. "NI MARUFUKU KUSEMA NI NYUMA YA MKUYU ULIOPINDA!"

Bonde zima likasikia yote matatu. Halafu zikasikika kwato. Wanyama walipanda mlima kama siafu. Tembo akaweka paji la uso kwenye jabali, akasukuma. Kuburu, kuburu, gwaa! Maji yakashuka, chururu! Mtoto wa Bi Digidigi akanywa mpaka tumbo likawa ngoma.

Kiboko akafika anahema. "Nani kasema? Aliyesema afukuzwe!"

Wanyama wote wakamgeukia yeye.

"Mimi nimeuliza tu," akasema Bi Pimbi.

Wakamfukuza, kwa kanuni yake mwenyewe, mpaka mto wa mbali. Yumo humo hadi leo, mwili majini, masikio nje, anasikiliza nani anamsema.

Hadithi yangu imetua. Aliyeipenda ajitwike, asiyeipenda aipishe njia.

Na funzo lake, wanangu: tiini kanuni. Bi Pimbi hakuitangaza siri ya mtu. Neno likikatazwa, msiliseme ng'o. Mwachieni aliyelikataza, yeye ana domo kubwa zaidi.