Waya wa Ng'ombe Watatu

Bwana Shemweta alinunua waya wa umeme wa redio yake kwa bei ya ng'ombe watatu, akaapa kwamba sasa muziki ni asali tupu. Ngwali, fundi redio aliyepanga kwenye kibaraza cha Shemweta, akasema mbele za watu kuwa umeme ni uleule.

"Kesho uje uniombe radhi mbele ya wageni wangu," alifoka Shemweta, "au ufungashe virago!"

Ngwali alifika, mpole kama maji ya mtungini. "Masikio yangu ya kimaskini, bwana mkubwa. Funga macho unifundishe. Nitachomeka waya mmoja, kisha mwingine, nawe uniambie upi wako."

Wimbo ukalia. Shemweta akakunja uso. "Takataka! Unalia kama debe."

Ngwali akabadilisha waya, wimbo ukarudi. Wageni wakaziba midomo kwa viganja.

"Naam, huu ndio wangu! Nasikia hata pumzi za mwimbaji!"

"Una hakika, bwana mkubwa?"

"Kama ninavyolijua jina langu!"

Mara mkewe akapaza sauti kutoka jikoni: "Jamani, nani kachukua waya wa birika langu? Chai ya wageni haichemki!"

"Chemshia huu wa ng'ombe watatu, mama," Ngwali akamjibu. "Bwana kasema unalia kama debe."