Sauti Iliyokuwa Ndani ya Diski

Hii nimetumiwa na rafiki, nikashindwa kukaa nayo peke yangu. Isome taratibu, kisha mpe na mwenzako.

Ambakisye alikuwa mpiga video za harusi mjini Tukuyu. Kompyuta yake ilikuwa ya zamani, na kazi zilikuwa zinamlundikia. Siku moja akaingia kwenye mipangilio ya ubao mama, ule ubao ambao vifaa vyote vya kompyuta vimechomekwa, akaupandisha mwendo kupita ule uliowekwa kiwandani.

Kompyuta ikawa kama inapaa. Video iliyokuwa ikimchukua mchana kutwa ikawa tayari kabla hajamaliza chai. Akamwita mkewe, Atupele.

"Mama Lusajo, njoo uone. Ni ile ile, lakini kama imezaliwa upya."

Wakasimama wakiitazama. Akaongeza tena kidogo. Ikastahimili. Akaongeza tena.

Wiki haikuisha. Faili zikaanza kugoma kufunguka, sauti zikawa zinakwaruza. Kisha asubuhi moja kompyuta ikawaka na kusema haioni diski kabisa, ile inayohifadhi faili zote.

Atupele akaketi. Ndani ya diski ile mlikuwa na sauti ya marehemu mama yake, iliyorekodiwa siku alipomuaga Atupele akienda kuolewa. Hawakuwa na nakala nyingine.

Ambakisye aligusa prosesa, ubongo wa kompyuta, akidhani mwendo umeiunguza, akakuta haina joto. Akabadilisha nyaya. Hakuna kitu.

"Diski imekufa, mke wangu. Nisamehe."

Atupele akainuka. "Hiyo kompyuta mpe mdogo wako," akasema. "Mimi sitaki kuiona humu ndani. Ila irudishe ilivyokuwa, isije ikamuumiza na yeye."

Ambakisye akarudisha mwendo wa kiwandani, akaiwasha aone tu kama inawaka.

Diski ikaonekana. Na faili zake zote.

Akabonyeza moja. Chumba kikajaa sauti ya mwanamke mzee, pole pole, kama yuko mlangoni: "Atu, mwanangu, ukifika huko ule vizuri, ulale vizuri. Mungu wangu anakuona."

"Ni yeye," Atupele alinong'ona. "Baba Lusajo, ni mama."

Ambakisye alishindwa hata kukaa. "Ilikuwa nzima muda wote," akasema. "Nilipoupandisha ubao, nilivipandisha vyote vilivyoshikana nao. Prosesa iliuweza ule mwendo. Diski haikuuweza, nami sikuiuliza."

Wakairudia ile sauti mara nyingine, wameshikana mikono.

Funzo: Usipime mwendo wa nyumba yako, wala wa watu unaowaongoza, kwa nguvu zako peke yako. Aliyenyamaza nyuma yako huenda hajashindwa wala hajakuacha. Umemzidi mwendo tu. Punguza, utamsikia.