Tonge la Shaame

Sogeeni, mkeka unatosha. Mwenye usingizi akalale sasa, asije akanikoromea baadaye, maana mwisho wa hadithi hii kuna kazi, na kazi hiyo si yangu, ni yenu.

Palikuwa na nyumba moja kule Pemba, yenye watu watatu na mgonjwa mmoja. Bi Mchanga, mama mwenye nyumba, alijaaliwa subira. Faki, mwanawe mdogo, alijaaliwa nguvu. Raya, mkwewe, alijaaliwa ulimi. Akianza habari zake, wasikilizaji husahau uji motoni. Mgonjwa alikuwa Shaame, mtoto mkubwa wa Bi Mchanga na mume wa Raya. Msimu wa karafuu tawi lilimvunjikia akiwa juu ya mti, akatua kwa kichwa. Hospitali ikamrudisha baada ya miezi miwili, yu hai lakini ubongo umeumia vibaya. Hasemi, hageuki, macho yamekodolea dari tu.

Bi Mchanga akachukua kijiko. Shaame alikuwa hajui tena kumeza; hata maji yalimpalia. Mama alipika uji mwepesi, akauchuja, akampa tone kwa tone huku akimpapasa koo kwa kidole, kama alivyomfanyia alipokuwa kichanga. Bakuli moja lilianza asubuhi likaisha adhuhuri. Siku Shaame alipomeza bila kukohoa, bibi yule aliingia jikoni akapiga kigelegele peke yake.

Faki akachukua mwili. Ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, kila baada ya saa mbili, miaka miwili mizima, na mgongo wa kaka yake haukutoka kidonda hata kimoja. Akatundika kamba kwenye boriti, akaufunga mkono wa Shaame kwa kitambaa, akawa anauinua na kuushusha mara ishirini asubuhi, mara ishirini jioni. Wazazi wa mchumba wake walingoja harusi mpaka wakachoka, wakairudisha posa. Faki alisema, "Basi, haikuandikwa," akaenda kumgeuza kaka yake.

Raya akachukua masikio. Alikaa ukingoni mwa kitanda akampa mumewe habari zote: nani kaoa, nani kanuniana na nani, mkarafuu upi umeanza kutoa. Na kila siku alianzia pale pale: "Huyu mama. Huyu Faki. Mimi Raya, mkeo." Shaame alitazama dari.

Jamani, kusema na mtu asiyejibu kunatia ukiwa kuliko kunyamaza. Majirani walipita dirishani, "Mgonjwa hajambo?" Raya akajibu, "Hajambo." Wakenda zao. Miaka miwili hakutokea hata mmoja aliyeongeza, "Na wewe, Raya, hujambo?" Shangazi yake alikuja mara moja tu, akamnong'oneza, "Nenda kwa kadhi, mwanangu. Wewe ni mjane mwenye mume." Raya alikataa katakata, kisha akaenda kulia nyuma ya nyumba, kwa sababu maneno yale yalikuwa kweli. Hakuomba Shaame akwee tena mikarafuu. Aliomba jambo moja tu, mumewe amjue, hata kama ni mara moja.

Siku moja akaja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama wa makamo. Akamkagua mgonjwa kichwa mpaka vidole, akawageukia wale watatu. "Bila kijiko angekufa. Bila kugeuzwa angeoza. Bila kusemeshwa, akili yake isingepata njia ya kurudi. Angekosekana mmoja wenu, mngekwishazika."

Ikafika Idd. Pilau likapakuliwa kwenye sinia, Shaame akatolewa kitandani akaegemezwa kwa mito. Nje watu walipita na nguo zao mpya, hakuna aliyepiga hodi. Wakanawa, wakamnawisha na mgonjwa. Bi Mchanga alipokuwa anashika kijiko, mkono wa Shaame ukatambaa mkekani, ukapanda ukingo wa sinia, ukachota wali, ukafinyanga tonge.

"Ya Rabi! Anakula mwenyewe!" akasema mama.

Hakula. Mkono ukanyooka mbele, ukasimama katikati ya sinia, baina ya wale watatu.

Mnajua wenyewe, kumlisha mtu tonge kwa mkono wako ni kumwambia: nakujua, wewe ni wangu. Na mkono ule uliijua njia ya kila kinywa pale. Utotoni, tonge la kwanza la Idd Shaame alimlisha mamake. Baba yao alipofariki, alimlea Faki kwa matonge ya sahani yake mwenyewe. Siku ya harusi alimlisha Raya mbele ya watu, naye Raya akaona haya mpaka akapaliwa.

Macho yake je? Darini, kama siku zote.

Bi Mchanga akafungua kinywa nusu, akakifumba. "Faki, mwanangu, mkono huo ni kazi yako."

"Hapana, mama. Wewe ndiye uliyempa uhai, mara mbili. Au shemeji, aliyemsemesha."

Raya alilikazia macho tonge. Akisogea, atalipata tonge, lakini hatajua maisha yake yote kama lilikuwa lake. Asiposogea, huenda lilikuwa lake kweli, na Shaame ataona mkewe amelikataa. Akatamani mmoja wao amwambie, "Chukua, Raya."

Punje za wali zikaanza kudondoka.

Haya, kazi yenu hiyo. Mama aliyemfundisha kumeza, ndugu aliyeufufua mkono, mke aliyeiita akili irudi: nani afungue kinywa? Je, wewe ungeamua vipi? Usinitazame mimi. Sema upesi, mkono unatetemeka, na Raya bado hajasogea.