Kisutu Ndani ya Vitambaa Viwili

"Mwenye fundo moyoni haoni zawadi mkononi."

Bi Kidawa aliyatamka maneno hayo bila kuinua macho. Alikuwa akiwasaidia wajukuu zake kufunga zawadi za rafiki yao aliyekaribia kuolewa, na mmoja wao alikuwa amenuna kwa kuwa furushi la mwenzake lilipendeza kuliko lake. Wasichana hawakuwa wamewahi kujiuliza msemo ule umetoka wapi, ingawa waliusikia tangu wadogo. Walipomwuliza, Bi Kidawa aliweka mkasi chini, akasema, "Umetoka hapa hapa Pangani, na ulitoka kinywani mwa mtu. Nisikilizeni niwaeleze ilivyokuwa."

Palikuwa na mjane akiitwa Mwantumu, mwanamke ambaye mikono yake haikujua kukaa bure. Zama zile watu wa mjini walikuwa wameanza kufunga zawadi kwa makaratasi ya dukani, yale ya maua na ya kung'aa. Karatasi hupendeza mpaka pale bibi arusi anapoichana. Baada ya hapo ni takataka ya kuzungushwa na upepo uani. Asubuhi moja, baada ya arusi ya jirani, Mwantumu alikuwa akiyafagia makaratasi hayo mlangoni pake, akachoka, akajisemea, "Kwani nguo zimekwisha duniani?"

Akaenda kwa mafundi cherehani akaomba vipande walivyokuwa wakivitupa. Akavifua, akavipiga pasi ya mkaa, akavikata mraba, akavikunja pindo na kuvishona kwa mkono. Zawadi iliwekwa katikati. Ncha mbili zilifungwa juu yake, kisha mbili nyingine zikafungwa juu ya zile za kwanza, fundo likakaa kama ua. Aliyepokea hakuchana kitu. Alifungua, akakifua kitambaa, naye akamfungia mtu mwingine. Kitambaa kimoja kiliweza kwenda arusini, kikaonekana tena kwenye arobaini ya mtoto, na Sikukuu ya Idi ikakikuta nyumba nyingine kabisa.

Ikawa mtu akiwa na shughuli, kwanza hupita kwa Mwantumu. Hakutajirika kwa kazi ile, lakini kila furushi lilipopita watu walisema, "Huo mkono wa Mwantumu." Maneno hayo yalimshibisha kuliko wali.

Kisha mdogo wake, Mbaruku, akaoa. Mkewe aliitwa Hidaya, alitoka Kondoa, na Pangani hakuwa na mtu ila mumewe. Mwantumu ndiye aliyemkaribisha mkekani na kumtia sindano mkononi. "Shona pindo jembamba, wifi," alimwelekeza. "Pindo nene huharibu fundo." Hidaya alishika upesi, na Mwantumu akawatangazia majirani kwa fahari, "Wifi yangu ana akili ya mikono!"

Maneno hayo alikuja kuyajutia.

Hidaya alianza kwa kuchemsha maganda ya vitunguu na kutia vitambaa vyake rangi ya asali. Baadaye akawa anaunganisha vipande vidogo vidogo, mpaka kitambaa kikawa kama bustani. Mwisho akabuni namna ya kufunga ambayo ukivuta ncha moja tu furushi linafunguka lote, hata mzee mwenye vidole vinavyouma asipate taabu. Watu wakapenda. Kwanza walisema, "Wifi wote wawili hodari." Halafu wakasema, "Nipitie kwa Hidaya, ana vya rangi." Mwantumu akawa anakaa kibarazani na vitambaa vyake vimekunjwa pembeni, akiwaona wale wale aliozoea kuwashonea wakimsalimu kwa haraka na kupita.

Kijicho hakibishi hodi. Mwantumu alikiona tayari kimeketi ndani. Akienda shughulini, macho yake hayakwenda kwa bibi arusi wala kwenye chakula. Yalikwenda moja kwa moja kwenye zawadi, kutafuta rangi ya asali, na akiiona, wali humkaba kooni. Siku Hidaya alipomjia kumwuliza afanye nini rangi isichujuke, Mwantumu alijua kabisa jibu, lakini alisema, "Fua kwa maji ya moto sana, wifi." Kitambaa kizuri cha Hidaya kikapauka chote. Hidaya akakitazama, akacheka kidogo, akachemsha maganda mengine. Kile kicheko kilimwudhi Mwantumu kuliko matusi.

Mwaka ule Hidaya aliondoka akakaa mbali muda mrefu. Aliaga kwamba anakwenda kuuguza mgonjwa, wala hakufafanua zaidi. Mwantumu, ambaye ulimi wake ulikuwa umekwisha kufuata moyo wake, aliwanong'oneza wanawake kisimani kwamba labda ndoa imemshinda. Naye alijua anasema uongo.

Sasa kuna jambo moja la kujua kuhusu nyumba ya akina Mwantumu. Marehemu mama yao, Bi Mwanasiti, alikuwa na kisutu, kanga ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya kiarusi. Kila mtoto aliyezaliwa katika ukoo alipokewa kwa kisutu kile. Kilikuwa na tundu pembeni, mahali kilipoguswa na cheche ya moto, na Bi Mwanasiti alilitia kiraka kwa uzi wa kijani kwa sababu siku ile hakuwa na mwingine. Mama alipofariki, Mwantumu alikuwa amelazwa hospitali, hakuhudhuria mgawo wa vitu. Kisutu kikachukuliwa na dada wa huyo marehemu mama yao, aliyekaa Muheza, mwanamke mkali aliyekuwa na ugomvi wa zamani na nduguye. Mwantumu alikwenda kukiomba, akafukuzwa mlangoni. Akarudi safari nyingine, akafukuzwa tena. Tangu hapo hakukitaja, ila binti yake Zuhura aliposhika mimba ya kwanza, Mwantumu alionekana akilia jikoni, akasingizia moshi.

Hidaya aliporejea, siku ile ile alikwenda kwa wifi yake na furushi. Kitambaa chake kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyowahi kushona: rangi ya asali, vipande vyembamba vikizunguka kutoka katikati mpaka pindoni.

"Hiki ni chako, wifi," alisema. "Kifungue ukiwa umetulia."

Mwantumu alipokea kwa mkono mmoja. "Ahsante," alisema, na macho yake hayakutoka kwenye kitambaa. Alipobaki peke yake, alilibonyeza furushi, akahisi kitu laini. "Shuka," alijisemea. "Ameniletea shuka ili nikione kitambaa. Amekuja kunionyesha." Akalitupa juu ya kabati. Hata hivyo kila alipoingia chumbani aliiona ile rangi ya asali ikimtazama, na kila alipoiona roho ilimwuma upya. Hakuvuta ile ncha.

Haukupita muda, Saumu, binti wa jirani yake Bi Mwanakombo, akapata mchumba kutoka Songea. Ilikuwa aolewe na kusafirishwa kesho yake na mizigo yake yote. Mwantumu aliposikia Songea, akatazama juu ya kabati. Alichukua kitambaa chake kikubwa kuliko vyote, cheupe chenye pindo la bluu, akaliweka furushi la Hidaya katikati, akalifunika, akafunga fundo lake mwenyewe juu ya fundo la wifi yake. "Likafunguliwe huko huko," alisema. "Hapa asilione mtu." Siku hiyo, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, alilala usingizi mzuri.

Arusi ilipofika, wanawake walijaa ukumbini kwa Bi Mwanakombo. Hidaya alikuwa miongoni mwao. Zawadi zilipokwisha kupangwa, shangazi wa bwana arusi, mgeni mchangamfu, akapiga makofi. "Sisi kwetu hatubebi mafumbo kwenye basi," alisema. "Zifunguliwe, tuone mwali wetu amependwaje!" Wanawake wakashangilia.

Saumu alianza na furushi jeupe lenye pindo la bluu, kwa heshima ya jirani wa mama yake. Akafungua fundo. Ndani kukatokea kitambaa cha rangi ya asali.

"Hee! Wifi wameshirikiana!" mmoja akasema, na wengine wakacheka.

Saumu akavuta ncha moja. Kitambaa kikafunguka kama ua, na katikati yake palikuwa na kanga nyekundu, nyeusi na nyeupe, iliyofifia kwa kufuliwa, ikinukia udi. Saumu akaikunjua. Pembeni palionekana kiraka cha uzi wa kijani.

Bi Mwanakombo aliinuka. Alishika kile kiraka kwa vidole. "Hiki si kisutu cha marehemu Bi Mwanasiti? Mimi nilikuwepo Mbaruku alipopokewa nacho!" Akamgeukia Mwantumu. "Mwenzangu, umempa mwanangu kisutu cha mama yako? Na Zuhura wako mjamzito?"

Vigelegele vikapasua ukumbi. Saumu akaja akapiga magoti mbele ya Mwantumu, akaibusu mikono yake, machozi yakimtoka. "Sijui nikushukuru vipi, mama." Wanawake wakasema hawajapata kuona moyo mpana kama ule. Jina la Mwantumu lilikuwa midomoni mwa kila mtu, kama zamani na zaidi ya zamani. Naye alisimama pale akikitazama kitu alichokililia miaka yote kikiwa begani kwa mtoto wa mtu mwingine.

Alipoinua macho kumtafuta Hidaya, alimwona akitoka kimya kimya kuelekea uani. Akamfuata. Hidaya alikuwa amesimama karibu na masufuria ya pilau, mgongo umeelekea mlangoni.

"Hukukifungua," Hidaya alisema bila kugeuka.

"Sikukifungua."

"Nilidhani labda umekiona, ukaamua kumpa Saumu. Ni mali ya mama yako, ningeelewa. Lakini nilikutazama uso."

"Umekipata wapi, wifi?"

"Muheza, baada ya Mbaruku kunisimulia habari zake. Mama yenu mkubwa alivunjika mguu, hana mtu. Nilimfulia, nikampikia, nikamkanda. Kila nilipokitaja alinifukuza, usiku akaniita nimpe maji. Siku ya kuondoka akakitoa mwenyewe. Akasema, 'Mpelekee. Mwambie nimechoka kugombana na marehemu.'"

Mwantumu alijishika kifuani. Alikumbuka alichokisema kisimani. "Mbona hukuniambia kilichomo?"

"Ningekwambia, ungefungua nini?" Sasa Hidaya aligeuka, na macho yake yalikuwa mekundu. "Ile habari ya maji ya moto nilijua, wifi. Nikasema ni wivu, utapita, mbona hata dada na dada huoneana. Lakini leo umeniumiza. Usinione nimenyamaza ukadhani sina moyo."

"Nilikionea kijicho kitambaa chako," Mwantumu alisema, sauti haisikiki vizuri. "Nilitaka kiende mbali nisikione. Kitambaa tu, wifi. Nilikosa usingizi kwa kitambaa."

Ndani wanawake walikuwa wakiimba na kulitia jina lake katika wimbo. Wote wawili wakasikiliza.

"Wanakusifu," Hidaya akasema. "Waache. Mimi sitasema neno, wala Mbaruku hatajua."

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Sifa ile Mwantumu alikuwa ameitamani kama mwenye kiu anavyotamani maji, na sasa ilikuwa imejaa kikombe, imeletwa mdomoni, na hakuna wa kumpokonya. Kisha akamshika Hidaya mkono, akarudi naye ukumbini, akainua mkono mwingine mpaka wimbo ukakatika.

"Kisutu hiki sikukitoa mimi," alisema. "Wifi yangu alikwenda Muheza kunitafutia, akanifungia, akaniletea mpaka mlangoni. Nami kwa chuki ya uzuri wa kitambaa chake sikukifungua. Nikakifunika kwa changu nikakileta hapa ili kiende Songea, macho yangu yapumzike. Hayo ndiyo niliyoyafanya. Na nilipowaambia kisimani kwamba ndoa imemshinda, nilisema uongo."

Kuna waliotazama chini, na kuna waliosonya. Saumu akakivua kisutu begani haraka, akakinyoosha mbele kwa mikono miwili. "Mama, kichukue. Zuhura anakihitaji kuliko mimi."

Mwantumu akakipokea. Alikiweka usoni, akavuta pumzi, akakaa hivyo mpaka watu wakadhani hatakiachia. Kisha akakikunja taratibu, kiraka kikakaa juu, akakirudisha begani kwa Saumu.

"Nimekupa mbele za watu, mwanangu. Kikapokee wanao huko uendako. Lakini nyie wenzangu msinisifu." Akaitazama mikono yake mitupu. "Nilikuwa nacho mikononi. Mwenye fundo moyoni haoni zawadi mkononi."

Kesho yake Saumu alisafiri na kisutu. Zuhura alijifungua mtoto wa kike, akapokewa kwa kanga mpya iliyonunuliwa siku ile ile, na bibi yake akambeba hivyo hivyo. Hidaya hakuja kwa Mwantumu kwa majuma mengi. Alipokuja, alikuja na kikapu cha vipande visivyoshonwa, akaketi mkekani, wakashona mpaka adhuhuri. Wivu nao haukuondoka siku moja. Watu walisema hata uzeeni Mwantumu akiona rangi ya asali alikuwa akikunja uso kidogo, halafu akijicheka mwenyewe.

Maneno yake yalisafiri kuliko yeye. Wanawake waliokuwepo arusini waliyabeba makwao, wakawaambia mabinti zao, na mabinti wakayafikisha mpaka Songea. Kila mtu akimwona mwenzake amenuna mbele ya wema aliotendewa, humwambia alivyosema Mwantumu siku ile, kisutu cha mama yake kikiwa begani kwa mwingine: mwenye fundo moyoni haoni zawadi mkononi.