Tiva na Sauti ya Mwanasiti

Karibieni. Mwenye usingizi alaze kichwa, sikio libaki macho.

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa hili: Mwanasiti alimwambia mumewe, Shekue, "Kanzu umeigeuza tena, bwana. Utakwenda hivyo mpaka sokoni?" Akacheka. Jioni homa ikamshika, na wiki haikwisha wakamzika.

Shekue akaingia msituni kulia. Huko huishi tiva, ndege waimbao wawili wawili: dume huanza, jike humalizia, na asiyewajua hudhani ni ndege mmoja.

Zimwi likatoka ndani ya mti. "Umeninyima usingizi, we mtu. Unataka nini?"

"Sauti ya mke wangu."

Zimwi likamkamata tiva jike, likampulizia kooni, likamtia katika tundu la fito. "Chukua. Ukimfungulia, sauti haitarudi."

Nyumbani ndege akasema kwa sauti ya Mwanasiti, "Umekula, bwana?"

"Nimekula," Shekue akadanganya, akaendelea kusikiliza, kama mtu anayeelea majini.

Jua lilipokuwa linatua, tiva dume akaja kwenye mti wa uani, akaimba, akangoja amaliziwe.

"Umekula, bwana?" akasema jike.

Dume akasogea dirishani, akaimba, akangoja.

"Umekula, bwana?"

Dume akatua juu ya tundu, akaimba polepole, kama anayemkumbusha mgonjwa jina lake.

"Umekula, bwana?"

Shekue akamtazama dume, aliyekuwa bado anangoja.

Asubuhi alikoroga uji, akaunywa wote mbele ya ndege. "Nimekula, Mwanasiti," akasema, akafungua tundu.